Ziwa na Leseni

Mie si bibi yake. Nianze na hilo, maana ndilo wanalonipigia nalo kila mahali, mahakamani, kisimani, mpaka msibani. Mie ni mama wa kambo wa marehemu mama yake. Haya, mshasikia. Mama wa kambo! Najua mnavyolitamka neno hilo mmekunja pua. Lakini Siti nilimkuta ana meno mawili, mamaake yuko kaburini, na babaake kazi yake ni bahari na usingizi. Nani alimwogesha? Nani alimsuka? Nani alisimama mlangoni siku anaolewa akalia mpaka kanga ikarowa? Bi Mwanawema, huyu huyu mwenye vidole vilivyoliwa na mwani. Basi aliyezaliwa na Siti ni mjukuu wangu, na anayesema si wangu aje anambie usoni, hapa Micheweni, mchana kweupe.

Siti aliolewa na Ashraf, mwenye gari ya kuchukulia samaki Tumbe. Mwanamme mcheshi, kila mtu anampenda, salamu zake haziishi. Hizo za nje. Ndani alikuwa na mkono. Mara ya kwanza Siti alinambia kajigonga mlangoni. Mara ya pili, mlango ule ule. Nkamwambia, "Mwanangu, huo mlango wenu umevaa pete?" maana alama ya pete ilikuwapo shavuni, naiona. Akalia. Mimba ilipofika miezi ya mwisho akaja kwangu uso umevimba, kifurushi cha nguo kwapani, akasema, "Mama, mie sirudi tena." Na kweli hakurudi. Alijifungua kwa tabu, damu ikakataa kukatika, na kabla ya adhuhuri nilikuwa na maiti chumba hiki na kichanga chumba cha pili.

Hapo ndipo alipoingia Bi Radhiya, afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Mtu wa Wambaa, umri wa kuwa mwanangu, kitambulisho kinaning'inia shingoni na mwanawe Hamzah yuko mbelekoni kwa sababu hakuwa na pa kumwacha. Aliitwa na Mzee Silima, sheha wetu, mkubwa wa serikali hapa mtaani. Maiti haijaoshwa, na Ashraf kashafika uani anapiga kelele, "Nipeni mwanangu niondoke naye!" Aende naye wapi, amnyonyeshe nani, hilo hakulisema. Bi Radhiya alimwambia kwa adabu kwamba mtoto hatoki pale mpaka afisa achunguze na mahakama iamue. Ashraf akatukana, akapanda gari lake, akaondoka anapiga honi mbele ya nyumba ya msiba. Honi! Watu ndani wanasoma Yasini.

Na mtoto analia. Yarabi, kilio kile. Tulimpa maji ya sukari kwa kijiko akayatema. Maziwa ya kopo hayakupatikana madukani, aliyetumwa Wete hajarudi, na kilio kikaanza kupungua, si kwa kushiba, kwa kuchoka. Nyie mliolea mnaijua tofauti yake. Wanawake wote wako uani na maiti, chumbani tuko mie na Bi Radhiya tu, yeye anaandika mambo yake. Sauti ilipokatika akaiweka kalamu. Akamtoa Hamzah mbelekoni, akanipa mie, akamchukua yule kichanga akageukia ukutani. Nikasikia anavuta. Wallahi, tokea nizaliwe sijasikia sauti tamu kama ile. Nililia hapo kuliko nilivyomlilia Siti, Mungu anisamehe.

Mtoto nilimwita Maisa. Na mpaka Maisa alipolizoea kopo, Bi Radhiya alikuwa akipita kwangu asubuhi anapokwenda kazini na jioni anaporudi, anaingia chumbani, anamnyonyesha anashiba, anajifunga baibui lake anaondoka. Hakuna aliyemwagiza. Kikazi, baadaye nilikuja kujua, alikuwa hata haruhusiwi.

Kwa dini yetu hilo si jambo dogo. Mwanamke akimnyonyesha mtoto wa mwenziwe akashiba, na akashiba tena na tena, basi huyo ni mamaake. Wanawe ni ndugu zake, na ndugu hawaoani. Sisi tunaliita ziwa. Ukisema "wale wana ziwa," umemaliza. Tunalijua hilo kabla hatujajua alifu.

Ripoti ya Bi Radhiya ndiyo iliyoniachia Maisa. Mie kwa sheria sina changu, sina damu naye hata tone, na bibi mzaa mama ambaye angekuwa na haki ya kumlea kafa zamani. Lakini afisa aliandika. Aliandika ule mlango wenye pete. Aliandika na ya Sikukuu, pale Ashraf aliporuhusiwa kumchukua mtoto Idi mosi amrudishe jioni, mtoto akarudi mkono umevimba kama andazi. "Kaanguka," alisema Shadya, dada yake Ashraf, ndiye aliyemleta. Kaanguka! Mtoto hajasimama hata dede, aanguke kutoka wapi, juu ya mnazi? Hospitali walisema mfupa umeingia ufa. Mahakama ilipoisoma ripoti ikasema mtoto abaki na Bi Mwanawema, kwa ushahidi wa afisa. Kwa ushahidi wa afisa! Nilitoka pale nayakariri maneno hayo njia nzima kama dua.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo wengi wananilaumu, na mie nasema silaumiki. Maisa na Hamzah wakawa wanakua. Bi Radhiya akija kumkagua mtoto, kama kazi yake ilivyomtaka, Hamzah yuko naye. Siku moja kuna harusi ya jirani, wanawake tumejaa uani tunapika, na wale watoto wawili wanavutana ndala, huyu anataka, yule anataka. Mama mmoja akasema kwa mzaha, "Hao waozesheni tu, washaanza kugombana!" Watu wakacheka. Mie sikucheka. Ningefanya nini, ninyamaze? Leo mzaha, kesho posa. Nikasimama na mwiko mkononi nikasema kwa sauti, "Hawa hawaoani. Maisa kanyonya kwa Bi Radhiya. Wana ziwa, na kila aliyepo hapa awe shahidi." Ndivyo tulivyolelewa. Ziwa hutangazwa, watu wasije wakaingia katika haramu bila kujua. Wanawake wote wakasema mashallah.

Na Shadya alikuwa pale, kakalia mbuzi anakuna nazi. Yeye hakusema mashallah. Aliendelea kukuna.

Haikuchukua muda Bi Radhiya akaja kwangu, siku si ya ukaguzi, midomo imemkauka.

"Bi Mwanawema, nimeshitakiwa."

"Na nani? Kwa lipi?"

"Na Ashraf. Kwenye baraza letu la usajili. Anasema mimi ni mama wa Maisa wa ziwa, na afisa haruhusiwi kusimamia shauri la ndugu yake."

Nikacheka, nyie. Nilidhani masihara. Nikamwambia, "Tokea lini kumlisha yatima ikawa kesi?"

Akakaa mkekani akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Siku hizi kazi yao ina leseni, kama ya udaktari, kama ya udereva. Unasomea, unasajiliwa, unapewa leseni, na leseni ina maadili yake. Ukiwa na undugu na mtu unayemhudumia, unatakiwa useme, uweke kalamu chini, shauri umkabidhi mwenzako. Usipofanya hivyo baraza linaweza kukunyang'anya leseni. Na ripoti uliyoiandika huku una undugu inaanguka.

"Inaanguka vipi?"

"Inakuwa karatasi ya kufungia njugu, mama."

Hapo kicheko kikaniishia. Nikakaa na mie. Kwa ushahidi wa afisa. Kumbe Maisa wangu alikuwa ameshikiliwa na karatasi, na karatasi imeshikiliwa na leseni, na leseni imeshikwa na Shadya wa mbuzi ya nazi.

"Sasa mbona hukumkabidhi huyo mwenzako?" nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Mwenzangu yupi? Wilaya nzima nilikuwa peke yangu. Aliyekuwapo kahamishiwa Unguja na nafasi yake iko tupu mpaka leo. Ningesema, shauri lingelala, na Maisa angekwenda kulisubiri kwa babaake."

"Basi tukatae," nkamwambia. "Nani alituona? Mie na weye na kuta. Mie nitasema hujamnyonyesha. Yale ya harusini nitasema yalikuwa maneno ya jikoni. Weye sema hivyo hivyo, yaishe."

Akatikisa kichwa. "Utaitwa ushahidi. Siwezi kukufundisha la kusema. Hilo nalo ni kosa."

"Ebo! Makosa yenu hayeshi? Kulisha kosa, kunyamaza kosa, kusema kosa! Weye na leseni yako! Mtamwua mjukuu wangu kwa maadili!" Nilimpigia kelele mpaka Maisa akaamka ndani akaanza kulia. Bi Radhiya akainuka, na mie nilidhani anaondoka kwa hasira, kumbe anakwenda kumnyamazisha mtoto. Aliporudi macho mekundu. Akanambia, "Mie naogopa kuliko weye, Bi Mwanawema. Weye unaogopa moja." Sikumwelewa wakati ule, na sikutaka kumwelewa.

Nikaamua. Sitafuni maneno: niliamua kuapa uongo. Niliswali, nikamwambia Mola wangu wazi wazi, ninakwenda kukiapia kitabu chako uongo, na adhabu yake nipe mie, mtoto usimguse. Nikatoka na baibui langu jipya.

Baraza lilikaa Chake Chake, katika ukumbi wenye feni moja inayozunguka kama inaumwa. Walikuja watu watatu. Mkubwa wao ni Bi Raniya, mwanamke wa Unguja, miwani puani, Kiswahili chake cha vitabu. Wa pili kijana anayeandika. Wa tatu ni Mzee Turki, mtu wa Wete, wa zile koo zilizokuwa na mashamba ya karafuu zamani, kastaafu ukadhi, ndevu nyeupe, anasikiliza kafumba macho. Ashraf kavaa kanzu imepigwa pasi utadhani anakwenda kuoa. Shadya akaanza yeye, akaeleza ya harusini, mwiko wangu na maneno yangu, neno kwa neno. Hakuongeza chumvi. Hakuwa na haja.

Nikaitwa mie. Nikaweka mkono juu ya Msahafu nikaapa. 

Bi Raniya akanitazama juu ya miwani. "Bi Mwanawema, kanuni yetu inasema undugu wa damu au wa ndoa. Je, Bi Radhiya ana undugu wa damu na mtoto huyu?"

"Hapana, mama."

"Wa ndoa?"

"Hapana."

"Na yale maneno ya harusini?"

"Maneno ya jikoni, mama. Tunapika, tunacheka, kila mtu anatia lake."

Akatikisa kichwa polepole, akageukia wenziwe. "Kanuni kama ilivyoandikwa imetaja damu na ndoa. Mimi sioni kilichovunjwa." Naapa, na safari hii si uongo, mwanamke yule alikuwa anatufungulia mlango. Alilijua ziwa kama tunavyolijua sote, aliliacha makusudi nje ya swali lake.  Nikaanza kutafuta mkoba wangu, nirudi nyumbani nikampikie Maisa uji.

Mzee Turki akafumbua macho.

"Mlalamikaji hakusema damu, wala hakusema ndoa," akasema. "Kasema ziwa. Bi Mwanawema, ziwa lipo?"

"Halipo."

"Hakumnyonyesha?"

"Hata tone, Shehe. Maisa kalelewa kwa kopo na kijiko."

Shehe yule hakukasirika. Ningependa angekasirika, ningempandishia na mie. Alinitazama kwa huruma akasema, "Vyema. Umeapa na nimekusikia. Nijibu moja tu, kisha nikuache. Bi Radhiya ana mtoto wa kiume, nasikia anaitwa Hamzah. Inshallah akikua, akaleta posa kwa Maisa, utampokea?"

Neno lenyewe lilikuwa jepesi. Nitampokea. Basi. Niseme nitampokea, niondoke. Kopo na kijiko nilishayasema kwa mdomo huu huu na dari haikuniangukia. Lakini hili lilikwama. Niliwaona wale watoto na ndala yao moja, nikawaona wakubwa, wamepambwa, wanaingizwa chumba kimoja na mie napiga kigelegele. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nikaufungua tena. Feni inazunguka. Ashraf kanikodolea macho. Nilimwomba Mungu anisaidie kutamka dhambi, nyie, mmewahi kusikia dua kama hiyo?

"Asimpokee."

Alikuwa Bi Radhiya. Kasimama nyuma yangu, kitambulisho chake kiko mkononi, keshakivua.

"Asimpokee, Shehe, ni ndugu yake. Nilimnyonyesha mimi, mpaka anashiba, siku nyingi. Alikuwa anakufa. Nilitakiwa nikaseme, sikusema, kwa kuwa sikuwa na wa kumkabidhi. Mama huyu anamwogopea mtoto tu, msimwandikie neno baya."

Bi Raniya alivua miwani akajifuta macho. Mlango alioufungua ulifungwa mbele ya uso wake, na hakuwa na la kufanya. Ashraf alicheka kidogo, puani.

Leseni wakaisimamisha. Ripoti ikaanguka. Mie sijui karatasi inaangukaje, lakini kishindo chake nilikisikia wiki ile ile, pale Mzee Silima alipokuja kwangu akakataa hata kukaa. Akasema mahakama imesema hivi: afisa mwingine ataletwa kutoka Unguja aandike upya. Nikauliza lini. Akasema akipatikana. Nikauliza, na mpaka apatikane? Mzee Silima akatazama viatu vyake. Mpaka apatikane, mtoto akae na mwenye damu naye.

Nilimchukia Bi Radhiya. Msinifanye malaika. Nilimchukia kwa ule ukweli wake, nikasema maneno juu yake ambayo siyarejei. Neno moja tu lilitakiwa, nami ningelipata, labda ningelipata, kama angenisubiri. Nilikuwa nikisema hivyo peke yangu huku namsugua Maisa miguu. Kisha usiku nanyoosha mkono kumtafuta kitandani, nikimgusa, naanza upya.

Walikuja baada ya Alasiri, Ashraf na Shadya na gari, na Mzee Silima kuwa shahidi wa makabidhiano. Majirani wamejaa uani. Maisa nimemwogesha, nimemtia wanja, nimemvisha gauni la Sikukuu, kwa sababu sikujua mtu humfanyia nini mtoto saa kama ile. Yeye anafurahia gari. Anaitaka honi.

Nilipokuwa nampeleka nimembeba, ndipo nikamwona Bi Radhiya anaingia uani kamshika Hamzah mkono. Shingoni hana kitu. Watu wakampisha. Akaenda mpaka mbele ya Ashraf.

"Assalamu alaykum, Ashraf. Leo sikuja kikazi. Kazi mmeniondoa, kwa hiyo na kanuni za kazi hazinifungi tena. Nimekuja kama mama wa Maisa wa ziwa, na huyu ni kaka yake. Nitakuja kwako kumtazama, kesho, na kesho kutwa, na siku zote. Nitaingia ndani, nitamwogesha, nitamwona mwili wake. Mlango haufungwi kwa ndugu, na Mzee Silima yupo anasikia."

Uani pakaingia manong'ono. Mwanamke mmoja akasema, "Haki yake hiyo!" Mwengine akaitikia. Mzee Silima akakohoa akasema, "Hilo, Ashraf, huwezi kulikataa. Kidini huyu ni mamaake, sawasawa na aliyemzaa."

Nyie, nilivuta pumzi ambayo sikuwahi kuivuta tokea Chake. Nikaelewa kwa nini alikivua kile kitambulisho kabla hajaulizwa. Atamwona! Kila siku jicho la mama litaingia nyumba ile, na mwanamme wa aina ya Ashraf hapigi panapotazamwa. Ningeweza kumbusu miguu Bi Radhiya pale pale mchangani, mimi niliyemtukana.

Ashraf hakupandisha sauti. Akatabasamu, tabasamu lile la kuuzia samaki.

"Ziwa," akasema. "Nani aliyeliona?"

"Bi Mwanawema," akasema Bi Radhiya. "Alikuwapo chumbani."

"Bi Mwanawema? Bi Mwanawema kaapa Chake, mkono juu ya Msahafu, hakuna ziwa, hata tone. Kopo na kijiko. Imeandikwa. Mzee Silima, niifungue nyumba yangu aingie mwanamke wa nje, wakati shahidi wake wa pekee kaapa kwamba si kitu kwa mwanangu?"

"Lakini weye ndiye uliyeshitaki kwa ziwa hilo hilo," akasema Mzee Silima.

"Nilishitaki nililolisikia. Naye akakiri mwenyewe, leseni ikenda. Mtu hukiri kosa lake likamfunga, Mzee. Hajishuhudilii haki. Haki inataka shahidi." Akanigeukia, mikono kainyoosha kumpokea Maisa. "Shahidi ni huyu hapa. Muulizeni."

Nikapiga ukelele. "Nilisema uongo! Niliapa uongo, nyie! Kanyonya! Nimemwona kwa macho yangu, asubuhi na jioni, kanyonya mpaka kashiba! Nilikiapia kitabu cha Mungu uongo, niandikeni, nipelekeni popote, lakini kanyonya!"

Wanawake waliosema mashallah siku ya harusi walikuwa wamesimama pale pale. Walitazamana. Hakuna aliyeweza kushuhudia, na siwalaumu, wao walisikia tu, hawakuona. Mzee Silima akavua kofia akajikuna kichwa. Mtu mzima yule ananijua tokea nilipoletwa bibi arusi.

"Bi Mwanawema," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole mpaka ikaniumiza, "harusini ulisema kanyonya. Chake umeapa hakunyonya. Leo unasema kanyonya. Sasa sisi tushike lipi?"

"Shikeni la kwanza," nikasema. "Mzee Silima, shikeni la kwanza."

Akairudisha kofia kichwani. Shadya akamchukua Maisa mikononi mwangu, na mtoto akaenda bila tabu kwa sababu aliahidiwa honi. Gari likawaka. Bi Radhiya akalifuata kwa miguu, Hamzah anaburutwa nyuma, akalifuata mpaka barabarani, na huko sijui alifika wapi. Mie nilibaki nasema kanyonya, kanyonya, mpaka wanawake wakanishika mikono wakaniingiza ndani.